Kidole Kinafunika Mlango

4 Machi

Dada,

Shikamoo.

Simu hupokei, na shemeji ameniambia sababu. Maneno yanatoka yamepinda na hutaki mtu ayasikie. Sawa, sitapiga tena. Barua haina sauti, kwa hiyo nitaandika.

Ndani ya boksi kuna tableti, chaja na kitambaa cha kufutia kioo. Usiniulize nimeitoa wapi, fundi wa kompyuta hakosi kioo. Betri ni mpya, nimeiweka kwa mkono wangu juzi. Ukiiwasha utaona picha moja tu katikati, mlango mwekundu wa kuzunguka. Ndiyo yenyewe. Hoteli.

Ni ile ile tuliyokuwa tukiicheza Jumamosi ofisini kwa mama, kwenye kompyuta ya idara ya maji, yeye akimalizia kuchapa barua za bosi meza ya pili. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Wewe ulishika kipanya, mimi nilikaa pembeni nikisema "hapo, dada, hapo, droo ile." Kazi yangu nyingine ilikuwa kukipasua kipanya tumbo kikigoma, nitoe kile kimpira na kukwangua uchafu kwa kucha. Nadhani ndipo uliponibatiza Bisibisi. Mama akahamishwa idara kabla hatujafika ghorofa ya nne, na mgeni aliyepotea wa chumba 31 hatukumpata.

Gemu ya zamani haiwezi kukaa kwenye tableti hivi hivi. Nimeweka programu inayoidanganya, inadhani bado iko kwenye kompyuta ya mama. Shida ni kwamba ilitengenezewa kipanya. Inataka upitishe mshale juu ya vitu bila kubonyeza, na mshale ugeuke mkono pale penye kitu cha kushika. Kidole hakijui kupita juu ya kitu bila kukigusa. Tena kipanya kina vitufe viwili, cha kushoto unachukua, cha kulia unatazama. Kidole ni kimoja. Basi nimepanga hivi: ukigusa mara moja, umechukua, ukigusa ukaganda hapo hapo hadi uhesabu mbili, umetazama.

Tumia mkono wa kushoto, ule mzima. Tangu kiharusi kikupige huu ni mwezi wa nne, na shemeji anasema hujashika mkasi wala kijiko kwa mkono huo. Mtu aliyekata kiwandani sare za shule za nusu ya mji wenu hawezi kushindwa na mlango wa kuchorwa.

Samahani kwa kutokuja kukuona hospitali. Nilibanwa na kazi, sikuwa na wa kumwachia kibanda.

Mdogo wako,
Bisibisi


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa shemeji yako, usishangae ukifanana na mabango ya madukani. Mimi natamka, yeye anaandika.

Hoteli imefika salama. Nashukuru. Nimeingia kwa mlango wa mbele, nikapita mapokezi, mlinzi akaamka na kuniuliza maswali mengi. Nilijibu nilivyoweza. Sasa niko ghorofa ya kwanza.

Ugumu wake ni huu. Kidole kinafunika mlango. Nikitaka kugusa kitasa, kidole chote kimeziba mlango wenyewe, sijui nimegusa kitasa au ukuta. Mara mbili nimejikuta nimechukua mwavuli nisioutaka. Na kule kuganda hadi mbili, kidole kinateleza nikiwa kwenye moja.

Mguu unakuja. Mkono wa kulia bado. Mama wa mazoezi ya viungo anakuja kila Jumanne na kuondoka na sifa zake.

Mume wangu hajambo. Anapika, yaani anaunguza. Asubuhi ananifunga vifungo vya gauni. Ana vidole vya kushika brashi, vifungo havijui, tunatumia nusu saa, naye hataki nione kwamba vimemshinda. Akifika karakana amekwishachoka. Juzi aliandika bango la duka la dawa akaruka herufi. Hajawahi kuruka herufi tangu aanze kazi. Alilifuta na kuliandika upya, na hajamwambia mtu.

Andika tena. Barua zinasaidia.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Nimeisoma barua mara tatu. Niseme ukweli, imenikwaza.

Mlango wa mbele? Wewe? Ulinipiga kofi la kisogoni siku niliyobonyeza ule mlango. Tulikuwa tunaingia kwa dirisha la jikoni, kwa sababu mlinzi akiamka anafungia daftari la wageni kabatini, na bila daftari hupandi ghorofa ya pili hata ukeshe. Uliniimbisha kama jedwali la kuzidisha: jikoni, daftari, lifti. Na hili unalisema kama jambo la kawaida, "mlinzi akaamka."

Labda ulikuwa umechoka. Nijibu swali moja dogo tu, la kunifurahisha: ufunguo wa ghorofa ya pili uko wapi?

Kuhusu kidole. Nenda kwenye kile kigurudumu cha mipangilio, pembeni, chagua mstari wa pili. Sasa kioo kizima kitakuwa kama uwanja wa kuteleza. Huhitaji kugusa mlango wenyewe. Weka kidole popote, hata kule chini pasipo na kitu, kisha kiburute taratibu. Mshale utakwenda kwa mbali, nawe utauona mlango wote. Ukifika, dondosha kidole mara moja. Ukitaka kutazama, dondosha viwili kwa pamoja.

Mwambie shemeji vifungo vya gauni vina dawa. Kuna mkanda unaonatana, unashonewa nyuma ya vifungo. Fundi yeyote wa kiwandani kwenu atakushonea.

Mdogo wako,
Bisibisi


14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ufunguo nadhani uko kwenye saa ya ukutani. Kama haupo hapo basi nimesahau, ni miaka mingi, usinifanye mwanafunzi.

Uwanja wa kuteleza ni afadhali. Mlango sasa unaonekana. Lakini vidole viwili kwa pamoja havishuki pamoja, kimoja kinatangulia, na gemu inadhani nimechukua. Miavuli imefika minne.

Mkanda umeshonwa. Vifungo sasa ni dakika moja. Mume wangu hajui afanye nini na zile dakika ishirini na tisa zilizobaki. Anakaa jikoni, kikombe kimepoa mbele yake. Zamani nilikuwa namsimulia ya kiwandani, nani kagombana na nani, na yeye ananisimulia wateja wanaotaka herufi za dhahabu kwenye banda la mkaa. Siku hizi nyumba iko kimya. Anapoongea, anaongea kwa sauti ya kumwongelesha mgonjwa, anaisikia mwenyewe, anaichukia, na kesho anairudia.

Dada yako


20 Aprili

Shemeji,

Hujambo. Barua hii nimeituma karakana makusudi. Usimwonyeshe dada.

Je, daktari amempima kumbukumbu? Siulizi mkono wala mguu. Dada ameniandikia kwamba ufunguo uko kwenye saa. Uko kwenye kopo la unga, na aliyeugundua ni yeye, akiwa na miaka kumi na minne, akaruka juu hadi mama akamwaga chai kwenye barua za bosi. Hicho si kitu cha kusahau. Mimi ninaweza kusahau jina la mtaa wangu nikakumbuka lile kopo.

Nimeuliza huku. Kuna daktari wa ubongo anayeona wagonjwa Jumatano. Nitafunga kibanda nije kumchukua. Wewe niambie tu anaweza kupanda basi saa tano mfululizo. Na niambie anakutambua vizuri, anajua siku, anajua yuko wapi. Usinifiche, nakuomba.

Wako,
Shemeji yako


27 Aprili

Shemeji,

Nilipoona bahasha imekuja karakana badala ya nyumbani, nilijua nimekamatwa.

Dada yako kichwa chake ni kizima kuliko changu na chako. Aliyesahau ufunguo ni mimi, na sikuusahau, sikuwahi kuujua. Barua mbili zile ni zangu. Mwandiko wangu na maneno yangu.

Ilikuwa hivi. Boksi lilipofika alilifungua kwa meno na mkono mmoja. Aliwasha, akautazama ule mlango mwekundu, nikamwona usoni kama anataka kucheka. Akabonyeza. Kidole kikaenda pembeni. Akabonyeza tena, mkono ukaanza kutetemeka, ukagonga kioo chote, milango na miavuli na sijui nini vikafunguka na kufungwa. Nilisogea kumsaidia. Akasema neno moja, na lilitoka limenyooka: "Toa." Akaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya karatasi zake za vipimo, akaifunga.

Wewe ulikuwa unangoja jibu. Nilitaka kuandika barua moja tu, ya shukrani, ili usiumie. Ila sikuwa na la kusema kuhusu gemu, kwa hiyo nikaanza kuitoa Jumamosi na Jumapili, anapolala mchana. Sijawahi kucheza gemu maishani mwangu. Niliingia kwa mlango wa mbele kwa sababu mimi nyumba naingia kwa mlango wa mbele. Nani kaniambia kuna dirisha?

Kisha ukajibu. Na mimi nikajikuta naingojea barua kuliko mwenye barua.

Yale ya vifungo ni kweli. Ya bango ni kweli. Ya kikombe pia. Sijui kwa nini niliyaandika kwa jina lake. Nilikaa kuandika habari zake, kalamu ikaenda kwangu.

Usije na habari za daktari wa ubongo, atatufukuza sote wawili. Nisamehe. Na jambo moja la kifundi: betri uliyotuwekea ni mbovu. Jumapili naiacha imejaa, Jumamosi naikuta imekwisha kabisa, na hakuna aliyeigusa.

Shemeji yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nimemwomba shemeji akupe bahasha hii bila kuifungua. Soma peke yako.

Amenieleza. Usimgombeze. Kosa ni langu, nilikutumia kitu cha kukukumbusha ulivyokuwa, na sikukuuliza. Ukitaka niache, andika neno moja, hata hilo hilo ulilomwambia yeye, nami nitaacha.

Niliyoyaandika kuhusu hospitali si kweli. Kibanda nilikuwa na wa kumwachia. Nilikuja. Nilipanda basi la alfajiri, nikafika saa tano, nikauliza wodi, nikaonyeshwa ngazi. Nikakaa kwenye benchi la mapokezi kwanza, nipumue. Nilikaa dakika arobaini. Shemeji alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba mdomo umeenda upande na hujui kusema jina lako. Nikawaza nitasimama pale kitandani nikutazame, nawe uone ninavyokutazama. Nikainuka, nikatoka, nikapanda basi lile lile likirudi. Wewe ndiye uliyekuwa ukishika kipanya. Mimi nilizoea kukaa pembeni na kuonyesha kwa kidole, na siku ile hata pembeni sikuweza kukaa.

Hilo nimelisema. Sasa la kazi.

Naambatanisha kalamu ya kugusia kioo. Hii ina akili kuliko kidole. Ukiileta karibu na kioo bila kugusa, mshale unatokea chini ya ncha na kuifuata, na ukipita juu ya kitu cha kushika unageuka mkono, kama zamani. Ncha ni nyembamba, haifuniki kitu. Ubavuni ina kitufe, hicho ndicho cha kutazama. Kwenye kigurudumu chagua mstari wa tatu, kidole kitazimika kabisa, kwa hiyo kiganja kikilala juu ya kioo hakuna kitakachofunguka. Mkono ukitetemeka, gemu itangoja nusu sekunde kabla ya kukubali mguso wa pili.

Shemeji analalamika kwamba betri ni mbovu, inaisha yenyewe katikati ya wiki. Betri niliiweka mpya na niliipima. Sisemi zaidi.

Mdogo wako,
Bisibisi


2 Juni

Bisibisi,

Marahaba.

Mkono wa kushoto. Kurasa hizi ni siku tano. Usihesabu makosa.

Betri nzima. Anayeimaliza ni mimi.

Shemeji yako akitoka saa mbili, naitoa. Akirudi iko chini ya karatasi. Mchezo wangu nauhifadhi kwenye ukurasa wa pili wa orodha. Yeye hajui kwamba kuna ukurasa wa pili. Bado yuko ghorofa ya kwanza na miavuli yake.

Nilianza wiki ya tatu baada ya boksi kufika. Kidole ni balaa. Nilisoma barua yako ya kuteleza, nikabadilisha, nikawa nairudisha alivyoiacha yeye. Niliingia kwa dirisha la jikoni. Siku sita kulifungua dirisha. Kopo la unga, siku moja.

Nilificha kwa sababu ananitazama. Nikishika kitu, anatazama kama mtu anayengoja maji yachemke. Nikiweza, anafurahi kwa sauti. Nikishindwa, anasema si kitu. Sikutaka vyote viwili. Nilitaka kushindwa peke yangu kwanza.

Kalamu ndiyo. Kitufe kidogo mno kwa dole gumba la kushoto. Nimeishonea soksi, kitambaa cha sare, na gamba la plastiki juu ya kitufe. Kushona kwa kushoto, wiki nzima. Mishono kama ya mlevi. Inashika.

Mgeni wa 31 nimempata, tarehe 29 Mei. Hakupotea. Alihamia chumba cha watumishi, akawa anatengeneza lifti. Alichoka kuhudumiwa. Muziki mzuri, mwisho wa hovyo. Mama angesema tumepoteza Jumamosi zetu.

Hospitali. Nilijua siku ile ile. Nesi alisema kuna mtu mwenye pua kama yangu amekaa mapokezi, hapandi. Nilikuwa naelewa kila neno, nashindwa kujibu tu. Nilingoja. Jioni nikaacha kungoja. Nilikukasirikia hadi Februari. Imekwisha. Usiombe samahani tena, inanichosha kusoma. Njoo siku yoyote, keti.

Sasa barua zake. Nimezisoma zote. Huandika kwanza kwenye karatasi chakavu, anaiacha chini ya kopo la brashi. Ya kwanza nilitaka kuichana. Jina langu, na mimi sijasema kitu. Halafu nikafika kwenye vifungo. Halafu bango. Miaka kumi na saba ndani ya nyumba moja, hajawahi kuniambia amekosea herufi. Nikakaa chini.

Ana watu wa kusalimiana mtaa mzima. Wa kuongea naye nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nikanyamaza, nikamwacha aandike.

Jumatatu narudi kiwandani. Si kukata. Kukagua vipimo kabla havijaenda mezani kwa wakataji. Mkono mmoja unatosha, jicho ndilo linalotakiwa. Kesho nitacheza mbele yake. Atapiga kelele hadi majirani waje. Basi.

Lakini nikianza kazi hatakuwa na cha kukuandikia kwa jina langu. Mwandikie yeye. Si kuhusu mimi. Usimwambie nimesema.

Mkono umechoka.

Dada


9 Juni

Shemeji,

Hujambo.

Kwanza nikutoe wasiwasi, hakuna jambo baya. Barua hii haina habari ya dada, wala gemu, wala betri. Nimekuandikia wewe.

Huku mvua imeingia kibandani kwa juu, imeharibu kompyuta mbili za wateja, nami nimeshinda siku mbili nikizikausha kwa feni na kuwadanganya wenyewe kwamba ni kazi ya kawaida. Mmoja ni mwalimu mkuu, anapita kila asubuhi, anasimama mlangoni, anakohoa na kwenda zake. Sijamweleza mtu yeyote kwamba nilisahau kufunika meza. Nimekueleza wewe.

Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa kuongea na mashine. Huenda. Mashine haikohoi.

Nina maswali. Lile bango la duka la dawa, ulipoona herufi imeruka, ulikuwa juu ya ngazi au umeshashuka? Siku hizi unaandika la nani? Mchana unakula wapi, na nani? Usingizi unakuja? Na huyo mwenye banda la mkaa, ulimpa dhahabu yake au ulimgeuza nia?

Jibu lolote, hata kama ni la ovyo. Sina haraka, ila nangoja.

Safari hii tia sahihi yako mwenyewe.

Shemeji yako